Daftari la Pili

Mimi Nabintu, mtunza makuta ya likelemba
ya wanawake kumi na wanne wa soko la Kadutu,
nilikuwa nikihesabu mara tatu.
Kisha mara saba.
Kisha, taa ikizimwa, kwa vidole gizani,
kila noti imelegea kama jani la sombe lililochemka,
na hesabu ilitimia, kila usiku ilitimia,
na kutimia kwake ndiko kulikonitisha.

Mvua ikigusa bati huku Cimpunda
nilishaiona nyumba imeteremka hadi bondeni.
Hilo mtasema ni haki: udongo wetu huteleza kweli.
Lakini nilihofu na jua.
Nilihofu simu ikilia, nikahofu isipolia.
Mwanangu Ciruza akichelewa dakika kumi kutoka shule
nimeshamvisha sanda, nimeshachagua wimbo wa kumzikia,
naye anaingia, anauliza: Mama, bugali iko wapi?
Nikamchapa kwa kuwa hai.

Mwili nao ulikuwa na hesabu zake.
Shingo kama nimebeba gunia la muhogo
nikasahau kulitua.
Taya ziliuma asubuhi
kwa kusaga usiku kucha kisichokuwepo.
Tumbo.
Jasho la viganja likilowesha kitenge cha mteja.

Nilipimwa malaria mara nne: hamna.
Taifodi: ipo kidogo, wakasema; kwa kila mtu walisema hivyo.
Nikanywa dawa nyeupe ya vidonda vya tumbo mwezi mzima.
Shemeji akasema ni jirani, akamtaja kwa jina.
Katika chumba cha maombi kule Nyamugo
nilifunga siku tatu,
na siku zote tatu nilihofia
kwamba sikufunga vizuri.

Muuguzi Cubaka aliweka kalamu chini.
Tangu lini?
Tangu mvua za mwaka jana, nikasema. Hapana. Za mwaka juzi.
Siku za hofu ni nyingi kuliko za kupumzika?
Nikacheka.
Mambo mangapi, kwa siku moja?
Nikaanza kuyataja, nikaishiwa vidole,
akanikopesha vyake.

Alinituma nipimwe damu, na tezi ya shingo,
asije akaita wasiwasi kitu chenye jina lingine.
Majibu yaliporudi akasema:
Huu ni ugonjwa wa wasiwasi.
Si wazimu. Si upungufu wa imani. Unatibika.
Nikalia kama mchuuzi aliyesaidiwa kutua mzigo
asijue tena mabega yake yako wapi.

Kidonge kimoja asubuhi.
Wiki mbili za kwanza kilinipa kichefuchefu tu.
Kinapanda polepole, alisema,
kama wabebaji wa mlima wa Funu; usikirudishe njiani,
na ukipata nafuu usikiache bila kuniuliza.
Kila Alhamisi, mazungumzo.
Na daftari hili, la pili:
kila hofu iandike, na tarehe yake,
uonane nayo saa kumi na moja jioni, nusu saa.
Ikija mapema, iambie ofisi imefungwa.

Tarehe tatu: Ciruza amegongwa na pikipiki.
Hakugongwa.
Tarehe tano: M'Birindwa atakana mchango wake.
Aliuleta, na ndizi juu yake.
Tarehe tisa: ukuta wa nyuma utaanguka.
Uliangukia shambani, nusu yake.
Jumamosi tuliujenga, watu sita, na kelele nyingi.
Mstari huo niliutazama muda mrefu.

Sijapona kama mtu anavyopona homa.
Jana mvua ilinyesha, nikaamka saa nane ya usiku,
nikahesabu mara mbili,
ya pili kwa mazoea tu.
Hofu ilikaa mlangoni kama mdai;
nikaiambia saa yake, nikageukia ukuta.

Leo asubuhi makuta yamepungua faranga mia tano.
Nimetafuta. Sikuziona.
Nimeongeza zangu,
nimekwenda kufungua kibanda.